Nguo ya Kuogelea Haifi Nchi Kavu

Mwanangu Nasra,

Salamu nimekuwekea za kukupa kwa mdomo kesho gatini, ikiwa utazipokea. Humu natia yale ambayo mdomo wangu umeshindwa, kwa sababu kila nikiingia chumbani kwako siku hizi unageukia ukutani, na mimi si mtu wa kusema na mgongo.

Habari za chandarua, za mafuta ya nywele, za kutokula kwa watu usiowajua, bibi yako amekwisha kukueleza mpaka umechoka. Mimi nakuandikia habari ya nguo ya kuogelea. Unajua ni ipi. Ile ya buluu.

Usiitafute. Nimeikata kwa mkasi wa cherehani, na vipande viko jikoni, bibi yako anaepulia sufuria. Mpya iko ndani ya sanduku, chini ya mashuka, nyeusi, na mpira wake unabana hasa. Sikuiweka juu, maana nilijua ungeitoa na kuitupa kitandani kwangu. Huko bara skuli yako iko kando ya ziwa na wasichana wote hufundishwa kuogelea, kwa hiyo utaivaa, upende usipende, na kila utakapoivaa utanikumbuka kwa ubaya. Sawa. Kunikumbuka kwa ubaya ni kunikumbuka.

Sasa nataka kusema wazi jambo unalolishuku na hujaniuliza. Nilijua.

Nilijua kabla ya mandari ya Chukwani. Niliianua ile nguo darini, imekauka, buluu yake imepauka kidogo tu, mtu angesema ina umri wa miaka mingine. Nikatia mkono ndani, pale nyuma panapokaliwa, nikaunyoosha kwenye jua. Niliuona mkono wangu wote: pete, kucha, na hina iliyobaki ya Idi. Nikautoa mkono. Nikaikunja ile nguo vizuri, nikaitia ndani ya kikapu chako pamoja na kitana na sabuni.

Ungependa niseme nilisahau kukwambia. Sikusahau. Nilikaa nalo siku zote zile, nikikuangalia unakula, unasoma, unamcheka paka, na nalo liko kifuani mwangu limetulia.

Unakumbuka Chukwani ilivyokuwa. Wanawake tumetandaza mikeka, makanga yamefungwa kwenye kamba baina ya miti ili wapita njia wasituone, sambusa bado za moto. Wewe ulikuwa wa kwanza kuingia majini, kama kawaida yako, na mashoga zako Raya na Moza nyuma yako na kanga zao vifuani. Ukazama, ukaibuka, ukapanda juu ya jiwe kuwaita. Nguo ilikuwa imerowa. Kwa mbele ilikuwa nguo. Kwa nyuma, mwanangu, ulikuwa kama siku nilipokuzaa.

Nilikuwa nimeketi nawatazama wao, sikukutazama wewe. Nilimwona Raya akiona. Alimgeukia Moza. Moza akauma pindo la kanga yake. Nikahesabu pumzi zangu nikisubiri mmoja wao akufuate juu ya jiwe akunong'oneze. Raya akafungua mdomo.

"Nasra! Hebu piga tena ile mbizi! Unapiga vizuri, mashallah!"

Nawe ukapiga. Ukapanda tena, Moza akasema hakuona vizuri, na wewe, mtoto wangu mwenye akili, unayejua hesabu kuliko mwalimu wako, ukageuka ukampigia nyingine. Ulikuwa na furaha sana. Uso ule wa furaha siwezi kuuondoa machoni.

Aliyekwambia ni Thuwaiba. Thuwaiba ambaye hamsemezani tangu alipokosa zawadi ya kusoma ukaipata wewe. Alisimama kwenye mkeka wa mama yake, mkono kiunoni, akapaza sauti ikafika mpaka barabarani:

"Wee Nasra! Mama yako mwalimu hakukufundisha kusitiri matako? Tunayaona tangu asubuhi!"

Walicheka wote. Bi Shuwena alicheka, aliyekushika mikononi siku ya arubaini yako. Shangazi yako Salma alicheka mpaka akajilaza ubavu. Wewe ulijipapasa nyuma, ukajua, ukakaa majini hadi shingoni. Kisha ukanitafuta mimi kwa macho. Ukaniona nimekaa. Ukaona kwamba nilikuwa sikushtuka.

Hapo ndipo uliponyamaza, na ulinyamaza mpaka jana. Wengine wanadhani umewakasirikia Raya na Moza. Mimi na wewe tunajua umemkasirikia nani.

Nisikilize basi. Ninakupa kisa ambacho sijampa mtu, na si kwa kutaka unionee huruma.

Nilipoolewa na baba yako nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka skuli na vitu viwili ninavyojivunia: cheti changu, na nguo ya kuogelea ya sufu nyeusi niliyopewa na mwalimu wetu wa Kizungu aliporudi kwao. Nyumba hii hii ya mtaa wa Malindi niliikuta na bibi yako Bi Time, na shangazi yako Salma ambaye tulikuwa hirimu moja. Salma alinisuka nywele, alinionyesha wapi bibi yako huficha sukari. Nilimpenda. Sikuwahi kuwa na dada.

Wao pwani waliogea kanga. Kila mwanamke alikuwa na kanga yake ya pwani, ile iliyokwisha kutoka kwenye harusi ikaingia ndani, ikatoka ndani ikaingia jikoni, na kutoka jikoni ikashuka baharini. Walichutama kwenye maji ya kifuani, wakarushiana, wakapiga kelele. Mimi niliwatazama nikawaona kama kuku wanaooga vumbi. Nikaogelea mpaka pale mbali, nikarudi, nikiwaza: watu hawa wamezaliwa na bahari mlangoni na hawajui kuivuka hata hatua ishirini. Sikuyasema. Lakini nadhani uso wangu uliyasema, maana uso wangu, kama wako, haujui kufunga mlango.

Ile nguo ya sufu nilikuwa nikiitunza kama cheti. Ikifumuka naitia uzi mweusi. Ulikuwa wakati wa vita, nguo hazipatikani hata za kuzikia watu, na hata bila ya vita nguo ile ningeipata wapi? Sufu ikinywa maji huvutika ikaning'inia. Ikikauka hujikusanya, ikawa nyeusi na nzito kama mpya. Kila nilipoitazama ilikuwa kavu. Kambani ni kavu, sandukuni ni kavu, asubuhi naivaa ni kavu. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, nguo ya kuogelea haifi nchi kavu. Nchi kavu itakwambia uongo mpaka kiama. Inakufa majini, na majini macho yako yako mbele na aibu yako iko nyuma.

Basi siku moja, wakati wa kutoka majini, Salma akaniambia, "Tangulia, wifi. Wewe ndiye unayejua njia ya mawe." Nikatangulia. Wanawake wote wakanifuata kwa mstari, bibi yako, majirani, wasichana. Mandari iliyofuata hivyo hivyo. "Tangulia, wifi, mjuzi wa maji." Ikawa desturi. Nataka uelewe nilivyolichukua jambo lile. Katika nyumba hii nilikuwa bi harusi mgeni, nakula wa mwisho, nalala wa mwisho, siketi mpaka niambiwe. Pwani tu ndipo nilipotembea mbele. Niliwaza: wameona kwamba ninajua kitu. Nilikuwa nikitoka majini taratibu, kichwa juu, ili heshima ile isiishe upesi.

Ilikwenda mwaka mzima.

Ukazaliwa wewe. Siku moja bibi yako alitaka kukupa dawa ya mizizi kwa tumbo, nami nikasema, kwa sauti ile ya darasani unayoijua, kwamba skuli tumefundishwa mtoto mchanga hapewi vitu kama hivyo. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua hata uso.

"Skuli," akasema. "Skuli yenu haikukufundisheni kwamba nguo ina nyuma? Mwaka mzima tunatoka pwani tumeyafuata matako yako kama watu wanaoandama mwezi. Tunayajua kuliko uso wako."

Salma alikuwa amekupakata. Alicheka mpaka ukaamka.

Nilipanda darini, nikaichukua ile nguo, nikaitia majini ndani ya beseni, nikaivuta mikono miwili kwenye jua. Sina haja ya kukueleza. Zile nyuzi zangu nyeusi nilizotia zilikuwa zimebaki peke yake, kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa.

Lakini hilo silo lililonichoma. Baba yako aliporudi kazini nilimweleza, nikilia, nikitaka akasirike kwa niaba yangu. Alivua kofia yake akaiweka juu ya meza. Alikuwa anajua. Salma alikwisha kumsimulia tangu mwanzo. Nikamwuliza, "Kwa nini hukunambia?"

Akasema, "Nilidhani unajua."

Hayo tu. Na hakuwa anadanganya, baba yako si mtu wa uongo. Alidhani mimi natembea vile mbele ya watu kwa kujua. Mtu anayelala na mimi kitanda kimoja.

Tangu hapo sikuogelea tena. Nilichukua kanga ya jikoni nikachutama na wenzangu kwenye maji ya kifuani, nikawa kuku na mimi. Bahari yote ile niliiacha kwa sababu ya kitambaa. Wewe ulipoanza kuogelea, bila ya mtu kukufundisha, nilikuwa nikikaa ufukweni nakuangalia na sijui ni furaha niliyoihisi au ni kijicho.

Nimejiuliza sana mwezi huu kwa nini nilikufanyia vile. Kwanza nilijipa jibu zuri: namfundisha, anakwenda mbali, aone mapema marafiki zake ni nani. Jibu hilo lilinitosha siku mbili. Halafu nikaona kwamba mtu anayefundisha hukaa tayari na kanga mkononi, kumfunika mtoto somo likishaingia. Mimi sikuwa na kanga mkononi. Nilikuwa na kikombe cha chai. Nadhani nilitaka awepo mtu mwingine katika nyumba hii anayeijua ladha ile. Miaka yote nimeionja peke yangu, kwenye meza moja na Salma, na bibi yako, na baba yako, wao wameshasahau. Nikakuchagua wewe kwa sababu nakupenda wewe. Usinisamehe haraka kwa sentensi hiyo. Isome tena uone ilivyo mbaya.

Nawe umenilipa. Hilo nataka ujue kwamba nimelipokea.

Jana, mandari ya kukuaga, kule Mtoni, hukuingia majini. Ulikaa mkekani na kanga kavu imekunjwa mapajani mwako. Nilidhani umeishika ya kujifunika upepo. Mimi niliingia na wenzangu, na kanga yangu ile ya korosho nyekundu, ambayo imekaa jikoni tangu ulipokuwa darasa la pili. Mimi niliyetia mkono ndani ya nguo yako, yangu sikuwahi kuitia mkono. Nilikwisha kujihesabu mtu aliyepona.

Tulipotaka kutoka nikasikia nyuma yangu sauti ya Salma, imenenepa sasa kama yeye mwenyewe, tamu kama ilivyokuwa:

"Tangulia, wifi. Wewe ndiye unayejua njia ya mawe."

Nilisimama. Maji yalikuwa ya magoti. Wasichana wa skuli ninaowafundisha walikuwa pale, na mama zao. Nilikutazama wewe. Ulikuwa umenitazama zamani. Mkono wako ulikuwa juu ya ile kanga kavu, na haukuondoka pale. Basi nikatoka, kichwa juu, kwa sababu sijui kutoka namna nyingine, na nikasikia nyuma yangu mtu anajizuia kucheka na kushindwa.

Nyumbani nilikusimamia mlangoni. Nikakuuliza, "Nasra, uliona?"

Ulisema, "Nilidhani unajua."

Hakuna aliyekusimulia maneno yale. Hukuwa na meno siku baba yako alipoyasema. Ulisema kwa sauti yake, ukafunga kitabu chako, ukageukia ukutani. Nilikwenda kukaa darini mpaka miguu ikafa ganzi. Nikawaza: mtoto huyu amejifunza kwa mandari mbili nililojifunza mimi kwa mwaka mzima. Na nikaogopa. Nilikuogopa wewe, na zaidi nilimwogopa msichana asiyejulikana wa huko bara, ambaye siku moja atasimama mbele yako majini na nguo imemwishia, na wewe utakuwa na kanga kavu mapajani.

Kwa hiyo pokea machache.

Ukifika, ile nyeusi usiipime kwenye kioo. Irowanishe, itie mkono, inyooshe kwenye jua. Ukiviona vidole, imekwisha, hata kama rangi bado inang'aa, hata kama uliivaa siku ulizofurahi kuliko zote. Hasa hiyo. Nguo tuliyofurahi nayo ndiyo tunayoichelewa. Wala usimpe maskini. Utakuwa umempa aibu yako aivae yeye. Ikate.

Raya na Moza usiwaache. Ukiacha kila aliyecheka utabaki na kuta. Waandikie, watumie salamu, uliza hali za mama zao. Lakini jua kwamba wakikuomba upige mbizi tena, lazima ujipapase kwanza.

Thuwaiba mtakuwa meli moja, na skuli moja, na huenda bweni moja. Sikwambii umpende. Ni mtoto mwenye ulimi mchafu na aliusema ule ukweli kwa kukuchukia. Lakini kati ya wanawake wote waliokuwa pale, na mama yako ni mmoja wao, mdomo wake ndio peke yake uliokutoa juu ya jiwe. Kaa naye karibu ukiwa majini. Nchi kavu fanya upendavyo.

Na usiache kuogelea. Hilo silo shauri, ni ombi. Wakikucheka, kata nguo, nunua nyingine, rudi majini. Mimi nilikata bahari nikabakisha nguo.

Barua hii utaikuta juu ya sanduku utakapoamka, kwa hiyo utaisoma kabla hatujatoka. Nimetaka hivyo. Mara ya kwanza nilikujaribu bila ya kukwambia, sasa nakwambia.

Kesho nitavaa lile buibui langu la zamani. Mshono wa begani umefumuka, kwa nyuma, unapitisha ngumi. Najua. Sindano iko mezani na uzi umeshatungwa, na sitalishona. Gatini watakuwepo Salma, na Bi Shuwena, na nusu ya wanawake wa skuli, na mama yake Thuwaiba. Kutoka hapa mpaka kwenye meli ni kipande kirefu, na watu wana macho.

Ukinyamaza sitakulaumu. Nitalivaa mpaka meli ipotee, kisha nitarudi nalo nyumbani kwa njia kubwa, polepole, na nitajua nimemlea nani na nimemlea vipi. Lakini ukiweza, mwanangu, hata kwa hasira, hata kwa ulimi wa Thuwaiba, mbele ya watu wote wale, niambie.

Nitatangulia mimi. Wewe njoo nyuma, utazame, kisha sema.

Mama yako